Kazi Iliyotangulia Cheo

Historia ya Wahudumu wa Dharura wa Uvira na Ufuko wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

Dibaji

Mji wa Uvira umekaa katika ukanda mwembamba baina ya milima ya Mitumba na maji ya Tanganyika, na barabara moja kuu, ambayo serikali huiita barabara ya Taifa namba 5, ndiyo inayouunganisha na Bukavu upande wa kaskazini na Baraka na Kalemie upande wa kusini. Mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge hushuka kwa kasi kutoka majabalini na kuukata mji vipande kabla ya kumwaga maji yake ziwani. Katika mahali pa namna hii maradhi ya ghafula hayashindani na dawa tu, hushindana na masafa pia. Kwani majeruhi wa Bijombo, katika nyanda za juu, hana budi ateremshwe mlima, mgonjwa wa bondeni Ruzizi apitishwe barabara ambayo mvua na bunduki zimezoea kuifunga, na mama mjamzito wa vijiji vya pwani ya kusini apakiwe botini usiku.

Kijitabu hiki kimeandikwa kuadhimisha miaka sitini na zaidi tangu Msalaba Mwekundu wa Kongo huru utambuliwe mbele ya mataifa, mwaka 1963. Muradi wake ni kuwahesabia haki yao watu wa daraja zote waliosimama baina ya ajali na kitanda cha hospitali, nao ni mchukuzi wa machela, mwuguzi wa kituo cha afya, mwokoaji wa kujitolea, dereva wa ambulansi na nahodha wa boti. Msomaji ataona jambo moja likijirudia tangu mwanzo hata mwisho wa habari hii, ya kwamba katika ufuko wetu kazi imekuwa ikitangulia cheo: watu waliifanya kabla haijawa na shule, wakaijua kabla haijawa na shahada, na hata leo wanaitumikia kabla haijapata mahali pake kamili katika sheria na bajeti.

I. Haja ya asili

Kabla ya kuwapo kwa ambulansi ya injini ilikuwapo machela, ambayo katika Kongo hujulikana zaidi kwa jina la kipoyi, na mpaka leo katika nyanda za juu za Uvira na Fizi hakijapatikana chombo cha kuiondoa kazini. Miti miwili mirefu hufungwa blanketi au mkeka imara katikati. Wanaume wanne huitia mabegani, na wengine wanne au wanane hufuata nyuma kwa kupokezana, maana mwendo hauruhusiwi kusimama kila bega linapochoka. Wachukuzi mahodari wana kanuni zao ambazo hawakuzisoma kitabuni: katika kuteremka miguu ya mgonjwa hutangulia ili kichwa kibaki juu, na katika kupanda kichwa hutangulia kwa sababu hiyo hiyo, mmoja hutembea ubavuni akimwangalia mgonjwa usoni na kumsemesha, na akiona kimya kimezidi hupaza sauti watu wasimame.

Safari ya namna hiyo huweza kuchukua siku nzima, na pengine usiku juu yake. Mwenye kuiangalia kwa makini atatambua kwamba ndani yake yamo karibu yote ambayo dunia baadaye iliyaita elimu ya huduma ya dharura, yaani kumwondoa mgonjwa mahali pa hatari, kumlaza ipasavyo, kumchunga njiani na kumkabidhi kwa tabibu pamoja na habari zake. Lililokosekana lilikuwa ni dawa, vyombo na mafunzo, na historia inayofuata ni habari ya jinsi hayo matatu yalivyofika, mara nyingi yakiletwa na maafa.

II. Zama za ukoloni, 1888–1960

Tarehe 24 Juni 1859 mfanyabiashara mmoja wa Geneva, Henry Dunant, aliwaona majeruhi kwa maelfu wametupwa bila ya mwangalizi baada ya vita vya Solferino kule Italia. Akawakusanya wanavijiji wa jirani kuwahudumia bila ya kuuliza ni askari wa upande gani. Kutokana na tukio hilo kilizaliwa chama cha Msalaba Mwekundu mwaka 1863, na mwaka uliofuata, 1864, ukatiwa saini Mkataba wa Geneva ulioweka majeruhi, hospitali na watumishi wake chini ya himaya ya sheria.

Chama hicho kilifika Kongo mapema, mwishoni mwa mwaka 1888, katika dola ya Mfalme Leopold wa Pili. Lakini kilifika kikiwatumikia zaidi Wazungu wa Boma na Leopoldville, na mwenyeji wa nchi hakuwa na sehemu kubwa katika rehema yake. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Msalaba Mwekundu wa Kongo ulifufuliwa kama tawi la ule wa Ubelgiji. Katika miaka hiyo tiba ya Kivu ilienea kwa mikono ya serikali, makampuni na misheni, na mwuguzi mwenyeji akawa ndiye aliyekuwa wa kwanza kukutana na mgonjwa na wa mwisho kumuaga, ijapokuwa jina lake halikuonekana katika taarifa za mwaka.

Mwaka 1936 ilianzishwa Leopoldville shule ya kuwafundisha wenyeji kuwa wasaidizi wa matabibu. Hao walijifunza kupima, kufunga mivunjiko, kuzalisha na kupasua upasuaji mdogo. Na katika vituo vingi vya mbali walifanya kazi ya daktari kwa mshahara na cheo cha msaidizi. Hapa ndipo tunapoanza kuona dhahiri ile tabia tuliyoitaja dibajini, ustadi ukitembea mbele na cheo kikichelewa nyuma. Uhuru ulipoingia tarehe 30 Juni 1960 nchi nzima haikuwa na daktari hata mmoja mzalendo aliyehitimu chuo kikuu cha tiba, ilhali ilikuwa na wasaidizi wa matabibu zaidi ya mia.

III. Uhuru, uasi na taaluma mpya ya dunia, 1960–1977

Maasi ya jeshi ya Julai 1960 yaliwaondoa madaktari wengi wa Kibelgiji kwa muda wa majuma machache. Shirika la Afya Duniani na vyama vya Msalaba Mwekundu vya nchi nyingi walituma matabibu wa kuziba pengo, na makumi ya wasaidizi wa zamani walipelekwa Ufaransa wakamalize masomo ya udaktari. Mwaka 1963 Msalaba Mwekundu wa Kongo, sasa ukiwa chama cha taifa huru, ulitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Geneva. Na ili ijulikane kuwa nembo peke yake haizuii risasi, ni wajibu kukumbusha kwamba mjumbe wa kamati hiyo, Georges Olivet, aliuawa pamoja na wenzake wawili ndani ya Elisabethville mnamo Desemba 1961, walipokuwa katika kazi ya kuwaokoa raia.

Uvira ulionja mapema uchungu wa miaka hiyo. Mwezi wa Mei 1964 mji uliingia mikononi mwa waasi, na kwa muda mrefu milima ya Fizi ikawa ngome yao. Mwaka 1965 kundi la Wakuba lilivuka ziwa kutoka Kigoma na kutua Kibamba, likiongozwa na Ernesto Guevara, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, na miongoni mwao walikuwamo matabibu waliowatibu wapiganaji na wanavijiji pia. Kwa watu wa kawaida, hata hivyo, tegemeo lilibaki ni mwuguzi aliyekataa kuhama, ambaye aghalabu alificha dawa chache alizokuwa nazo na kuzigawa kwa kipimo cha dhiki.

Wakati huo huo dunia ilikuwa inaiunda taaluma ya mhudumu wa dharura kama tunavyoijua leo. Mwaka 1966 daktari Frank Pantridge wa Belfast alikitia chombo cha kushtua moyo ndani ya gari na kuupeleka uponyaji kwa mgonjwa badala ya kumngoja hospitalini. Mwaka 1968 Toulouse, Ufaransa, ilianzisha utaratibu wa SAMU, ambao humtoa daktari mwenyewe katika hospitali na kumpeleka barabarani. Na mwaka 1967, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, Waamerika weusi wa mtaa wa Hill, ambao watu waliwadhania hawafai kuajiriwa, walifunzwa na daktari Peter Safar na kuunda huduma ya Freedom House. Walifunzwa kutia bomba la pumzi, kufungua mishipa na kufufua moyo, wakawa mfano uliofuatwa na nchi nzima. Lakini mwaka 1975 mji ulianzisha huduma yake na kuifunga ile ya kwao, na wengi katika wao hawakupewa nafasi waliyoistahili. Msomaji wa Uvira hatashangaa kuisoma habari hiyo, kwani nasaba yake na habari za wasaidizi wa matabibu wa Kongo haifichikani.

IV. Kipindupindu na maeneo ya afya, 1978–1995

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kiliingia mashariki mwa nchi kwa njia ya Ziwa Tanganyika, nacho hakijaondoka. Bandari ya Kalundu, kambi za wavuvi na mitaa inayoteka maji ya ziwa na ya mito viliufanya Uvira kuwa mmojawapo wa miji ambayo maradhi hayo hukaa mwaka hata mwaka, yakipungua na kurudi.

Kipindupindu ndicho mwalimu aliyewafunza wauguzi wetu thamani ya dakika. Mgonjwa mzito huletwa macho yamezama, sauti imekauka, ngozi ya tumbo ikifinywa hukawia kurudi, na mapigo ya kifundo cha mkono hayashikiki. Mtu mzima wa kilo 50 katika hali hiyo hutiwa mshipani lita 5 za maji ya Ringer kwa saa 3, yaani lita 1 na nusu katika nusu saa ya kwanza na lita 3 na nusu katika saa mbili na nusu zinazofuata. Hulazwa juu ya kitanda chenye tundu na ndoo chini yake, ili kinachotoka kipimwe na kurudishwa kwa kadiri ile ile. Mwuguzi hutayarisha klorini kwa nguvu tatu mbalimbali, 0.05 kwa mia ya kunawa mikono, 0.2 kwa mia ya sakafu na vyombo, na 2 kwa mia ya matapishi, kinyesi na maiti. Kipindupindu kikali kisichotibiwa huweza kuua nusu ya wagonjwa, na kikitibiwa upesi hakiui hata mmoja katika mia. Tofauti hiyo haikuletwa na mashine yo yote, imeletwa na mtu anayejua kuutafuta mshipa uliojificha na kuhesabu matone bila ya kusinzia.

Mkutano wa Alma-Ata wa Septemba 1978 uliziita nchi zote ziweke huduma ya afya ya msingi, na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ikagawanywa katika maeneo ya afya 306, kila eneo likiwa na hospitali kuu ya marejeo na vituo vya afya chini yake. Katika kila kituo aliwekwa mwuguzi msimamizi, ambaye watu humwita IT, na akawa ndiye mlinzi wa mlango wa kwanza. Shule za uuguzi za ITM zilitoa wauguzi wa daraja la A2, na vyuo vya ISTM vikatoa wale wa A1. Hospitali ya Lemera, ya jumuiya ya Kipentekoste, ilikua katika vilima vya wilaya ya Uvira, na hospitali ya Nundu, ya Wamethodisti Huru, katika njia ya Fizi. Na mwaka 1983 alifika Lemera daktari kijana, Denis Mukwege, ambaye kazi yake ya baadaye kwa wanawake waliodhulumiwa ilimpatia Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018.

Mauaji ya rais wa Burundi, Oktoba 1993, na yale ya halaiki nchini Rwanda, 1994, yalimwaga wakimbizi wengi bondeni Ruzizi na mjini. Waokoaji wa Msalaba Mwekundu wakajifunza kazi nyingine mbili, kusafisha maji kambini na kuzika maiti wasio na jamaa.

V. Miaka ya vita, 1996–2003

Tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliingia hospitali ya Lemera, wakaua wagonjwa zaidi ya thelathini waliokuwa vitandani mwao pamoja na wauguzi. Hayo yalitendeka miaka 132 baada ya Mkataba wa Geneva, nayo yalikuwa katika mwanzo wa vita vilivyoufikia Uvira kabla ya mwezi huo kwisha. Vita vya pili vya Kongo vilianza Agosti 1998, na katika siku za mwisho za mwaka huo na za mwanzo wa 1999 mamia ya raia waliuawa Makobola, kusini ya mji.

Katika miaka hiyo kazi ya mwokoaji ilipata sura yake ya tatu, baada ya uchukuzi na uuguzi, nayo ni kusimama wazi baina ya wenye silaha. Mwokoaji alivaa kizibao chenye msalaba ili aonekane, ilhali raia wenziwe walivua cho chote cha kuonekana. Alijifunza kuuliza ni nani anayeushika mji asubuhi hiyo, kumhudumia askari wa kila upande kwa sharti la kuweka silaha chini, na kukaa kimya juu ya aliyoyaona alipovuka upande wa pili. Alijifunza kuzuia damu kwa kukandamiza jeraha, na pale mkono au mguu ulipotiririka pasipo kuzuilika, kuukaza kwa kitambaa na kijiti na kuiandika saa ya kukaza juu ya paji la uso la majeruhi, ili mpasuaji wa mbele asikisie.

VI. Sange, 2 Julai 2010

Katika historia ya huduma ya dharura ya ufuko wetu hapana siku nzito kuliko Ijumaa ya tarehe 2 Julai 2010. Jioni ile, katika mji mdogo wa Sange bondeni Ruzizi, lori la petroli lililotoka Tanzania lilipinduka kando ya barabara kuu. Watu wakakusanyika, wengine kutazama, wengine kuchota; na vibandani jirani wengine walikuwa wamejazana kuangalia Kombe la Dunia. Petroli ikalipuka, moto ukazikumba nyumba za udongo na za manyasi, na waliokufa walizidi 230, wakiwamo watoto na wanawake wengi; waliojeruhiwa walikaribia 200.

Waokoaji na wauguzi wa Uvira, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, ambao siku moja tu kabla yake ujumbe wao ulikuwa umebadilishwa jina kuwa MONUSCO, na mashirika ya tiba walifanya kazi usiku ule na siku zilizofuata. Helikopta ziliwachukua walioungua vibaya. Maiti, wengi wao wasiojulikana tena kwa sura, walizikwa kesho yake katika makaburi ya pamoja.

Tukio hilo liliacha mafundisho yasiyosahaulika. La kwanza ni kuchagua: pale majeruhi wanapozidi mikono ya kuwahudumia, mwokoaji huwagawa kwa rangi nne, nyekundu kwa asiyeweza kungoja, manjano kwa awezaye kungoja kidogo, kijani kwa atembeaye kwa miguu yake, na nyeusi kwa aliyekwisha kufa au asiyeokoleka, na anayepiga kelele nyingi si lazima awe ndiye wa kwanza. La pili ni hesabu ya maji. Mtu wa kilo 60 aliyeungua sehemu 30 kwa mia za mwili hukadiriwa lita 7 na kidogo za maji ya mshipani kwa saa 24, na nusu yake huingizwa katika saa 8 za kwanza. Na saa hizo huhesabiwa tangu moto ulipomgusa, wala si tangu alipofika hospitali. Majeruhi aliyekaa saa 5 barabarani amebakiwa na saa 3. Kwa kanuni hiyo, tiba isiyoanza barabarani huwa imekwisha kuchelewa kabla ya mlango wa hospitali kufunguliwa.

VII. Kutoka maafa hadi utaratibu, 2011–2025

Katika miaka iliyofuata kazi ilianza kupata vipimo na maandishi. Madaftari ya kituo cha kutibia kipindupindu cha Uvira ya miaka 2009 hadi 2014, yaliyojazwa kwa kalamu za wauguzi wa zamu, yalitumiwa na watafiti katika makala iliyotolewa mwaka 2015, ikadhihirika kwamba baada ya siku isiyokuwa na maji ya bomba ya REGIDESO, shirika la maji la serikali, wagonjwa wanaoshukiwa kipindupindu huongezeka kwa 155 kwa mia katika siku 12 zinazofuata. Hivyo mwuguzi aliyedhani anaandika majina tu, kumbe alikuwa akiandika hoja ya mabomba mapya. Mwaka 2020 chanjo ya kipindupindu ilitolewa mjini kwa kampeni, na wahamasishaji wa mitaa, wale tunaowaita RECO, walikwenda nyumba kwa nyumba.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa iliujaza mto Mulongwe na mito mingine ya mji. Zaidi ya watu 40 walikufa, nyumba kwa maelfu zilibomoka, na mitambo ya maji iliharibika. Waokoaji walitafuta watu topeni, wakawakusanya waliopotezana na jamaa zao, na papo hapo wakaanza kugawa klorini, kwani walijua kwamba nyuma ya gharika huja kipindupindu. Kabla ya hapo, Agosti 2019, Ebola iliyoanzia Kivu Kaskazini ilithibitika Mwenga, katika jimbo letu la Kivu Kusini, na vikosi vya Msalaba Mwekundu vya maziko salama vilijifunza kumzika marehemu kwa heshima yake yote bila ya kumwambukiza aliye hai. Mwaka 2024 ikaja mpox.

Tarehe 15 Julai 2016 sheria iliunda Baraza la Wauguzi la taifa, na tarehe 13 Desemba 2018 ikatiwa saini sheria mpya ya afya ya umma. Kwa mwuguzi hizo zilikuwa ni hatua kubwa za hadhi. Mwezi wa Februari 2025, Bukavu ulipotekwa na waasi wa M23 na wimbi la watu kushuka Uvira na kuvuka kwenda Burundi, hospitali kuu ya mji ilipokea majeruhi tena, na waliokuwa zamu ni watu wa hirimu mbili: waliofunzwa na Sange, na wadogo zao waliofunzwa nao.

VIII. Uongozi na kanuni

Uongozi wa kazi hii umepita awamu nne. Katika awamu ya kwanza amri ilitoka kwa daktari wa serikali ya kikoloni na kwa misheni, na mwenyeji alitekeleza. Katika ya pili, baada ya 1960, uongozi ulimwangukia mwuguzi mzee wa mahali, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Ya tatu ilianza na maeneo ya afya, ambapo mganga mkuu wa eneo, mwuguzi msimamizi na kamati ya wananchi waligawana madaraka. Katika ya nne, tunayoishi, kamati ya Msalaba Mwekundu, viongozi wa vikosi vya mitaa, hospitali, ulinzi wa raia na mashirika ya nje hukaa meza moja wakati wa dharura, pengine kwa mapatano na pengine kwa mabishano, lakini hukaa.

Kinachowafunga ni misingi 7 iliyotangazwa Vienna mwaka 1965: ubinadamu, kutopendelea, kutoegemea upande, uhuru, kujitolea, umoja na kuwa wa dunia nzima. Katika mji unaokaliwa na Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Warundi, Wanyamulenge na wengineo, kutopendelea si pambo la hotuba. Mwokoaji akishukiwa mara moja kwamba amechagua majeruhi kwa kabila, kizibao chake hakitamlinda tena, wala hakitawalinda wenziwe.

IX. Jedwali la matukio makuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1863–1864 | Kuundwa kwa Msalaba Mwekundu na Mkataba wa kwanza wa Geneva |
| 1888 | Chama cha Msalaba Mwekundu chaanzishwa katika Kongo ya Leopold |
| 1936 | Shule ya wasaidizi wa matabibu, Leopoldville |
| 1960 | Uhuru; kuondoka kwa madaktari wengi wa kigeni |
| 1963 | Msalaba Mwekundu wa Kongo watambuliwa kimataifa |
| 1964 | Uasi wafika Uvira |
| Mwishoni mwa 1970 na kitu | Kipindupindu chaingia kwa njia ya ziwa |
| 1978 | Mkutano wa Alma-Ata, chanzo cha maeneo ya afya |
| 1996 | Mauaji ya hospitali ya Lemera, 6 Oktoba |
| 1998–1999 | Vita vya pili. Mauaji ya Makobola |
| 2010 | Mlipuko wa Sange, 2 Julai |
| 2016 | Sheria ya Baraza la Wauguzi |
| 2019 | Ebola Mwenga. Vikosi vya maziko salama |
| 2020 | Gharika ya Uvira. Chanjo ya kipindupindu |
| 2025 | Majeruhi na wakimbizi baada ya kutekwa Bukavu |

X. Huduma za leo na deni lililobaki

Leo mwokoaji wa Uvira hutoa huduma ya kwanza, huchukua majeruhi, husafisha maji, hutafuta waliopotea, huzika, na huwafunza wanafunzi na waendesha pikipiki, ambao mara nyingi ndio wafikao wa kwanza penye ajali na ndio wanaombeba majeruhi baina ya dereva na jamaa aliyemshika kiunoni. Majirani zetu wametuonyesha njia kadhaa za kuifikisha kazi hii mbele. Kenya ilianza na madaktari warukao wa AMREF mwaka 1957. Rwanda iliunda SAMU yake mwaka 2007 na kuipa namba 912. Tanzania, kwa mpango wa m-mama na namba 115, humtuma dereva wa kawaida wa gari kumchukua mama mjamzito pale ambulansi isipokuwapo, na kumlipa ujira wake. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyo karibu mno na hali yetu, kwa sababu inaanza na vyombo ambavyo watu wanavyo tayari.

Mambo matatu, basi, yanadaiwa. La kwanza ni namba moja ya simu inayojibiwa usiku na mchana kutoka Kamanyola hata Baraka, na mtu wa kuijibu anayejua chombo gani kiko wapi. La pili ni mtaala na cheti, ili kijana aliyekwisha kuzuia damu na kutia maji mishipani chini ya usimamizi wa mwuguzi ahesabiwe katika daraja ya watumishi wa afya na aweze kupanda kutoka hapo hata A2 na A1. La tatu ni dhamana, yaani matibabu kwa anayejeruhiwa kazini na haki kwa watoto wa anayeuawa, maana kujitolea ni kutoa muda na jasho, wala haikupasa kuwa ni kuwaachia jamaa ufukara.

Mwaka 1960 Kongo iliwachukua wasaidizi wake wa matabibu, watu waliokuwa wakifanya kazi ya daktari pasipo jina lake, ikawapeleka shule na kuwarudisha wakiwa madaktari kamili. Haikuwafunza kazi wasiyoijua. Ilikiri kazi waliyokuwa wakiifanya na kuikamilisha. Kilichowezekana katika mwaka ule wa misukosuko, wakati hazina ilikuwa tupu na jeshi limeasi, kinawezekana leo kwa waokoaji wa Uvira, na ndiyo namna bora ya kuiadhimisha miaka sitini yao.